Risiti ya Tsiala

Duka langu ni upana wa mlango na nusu,
chini ya ngazi, Kutaisi, mtaa unaoteremkia mtoni.
Mvua ikinyesha, na huku hunyesha mpaka mtu akasahau rangi ya jua,
wateja huingia na mashine zilizovikwa mifuko ya plastiki
kama vichanga wanaotolewa hospitali,
na kabla sijashika bisibisi
wameshanihutubia.

Gocha wa teksi husema: zitatumaliza hizi.
Leo ramani, kesho usukani,
keshokutwa mimi nyumbani namenya viazi.
"Kikulacho ki mfukoni mwako, Badri,
na kila usiku unakichaji mwenyewe."
Simu yake inamwambia ageuke kushoto,
naye anaijibu, "Kushoto kuna shimo, mama, tangu mwaka juzi,"
kwa upole ambao mkewe hajauonja.

Mwalimu Lamara ameleta printa,
lakini mzigo aliobeba ni mwingine:
insha thelathini na moja,
zote zimenyooka kama nguo zilizopigwa pasi na mtu mmoja.
"Nimekesha na kalamu nyekundu
nikitafuta kosa,
kosa moja tu la mtoto mmoja,
nimkumbatie."
Nikamwambia wino wa printa umekwisha.
Akasema, "Huu mwekundu haujaguswa."

Rezi, miaka kumi na tisa, akadakia kutoka mlangoni:
ndugu yake kiziwi anaongea kwa mikono
na msichana wa Batumi, kwenye kioo, hadi alfajiri.
"Zamani yenu mnayoililia, nani alimsemesha?"
Tukanyamaza.
Hata Gocha.

Mimi huulizwa sana: wewe fundi, waonaje?
Nimefungua nyingi. Sijakuta shetani, sijakuta malaika.
Nimekuta makombo ya mkate, nywele za paka,
sindano, na mara moja jino la mtoto.
Rai yangu inaishia hapo.
Au iliishia hapo, hadi Alhamisi.

Alhamisi alikuja Tsiala kuchukua kompyuta yake.
Binti yake, Nestani, yuko Bari, Italia,
anamwogesha mama wa watu
ili wake apate kuni na dawa.
Kila Jumapili huonana.
Sauti ya mama ilikuwa imekufa miezi mitatu;
nikaifufua, waya mmoja, mwembamba kama unywele.
"Jaribu," nikamwambia, kwa majivuno kidogo. "Sema lolote."

Akakohoa.

Mashine ikakikariri kikohozi chake,
kirefu, chenye changarawe chini,
na sote wawili tukakisikiliza hadi mwisho
kama watu wanaosomewa hati.

"Ilipokuwa mbovu," akasema, "ilikuwa nzuri.
Alikuwa ananiona. Nachana nywele, navaa ile blauzi,
namwandikia kwenye karatasi kubwa:
NIMEKULA. KUNI ZIPO. VAA SOKSI.
Karatasi haikohoi, mwanangu."

Nikamwuliza kuhusu daktari.
Akasema daktari ameshasema yake.
Akaisukuma kompyuta kuelekea kwangu, kidole kimoja,
jinsi mtu anavyorudisha sahani asiyoiagiza.

Hakuna aliyenifundisha kazi hii.
Nilifungua skrubu sita, nikafanya nilichofanya,
nikafunga skrubu tano, maana mkono ulitetemeka
na ya sita ikaingia chini ya kabati.
Risiti ina mstari: *kazi iliyofanyika*.
Nikaandika. Nikafuta. Nikampa ikiwa na tarehe tu.
Pesa alizoweka mezani nikazirudisha,
akaniachia mkate, bado moto, ndani ya gazeti.

Leo Jumapili, saa moja jioni, mvua ile ile.
Huko Bari mtu anasoma herufi kubwa za mama yake
na sijui kama anaziamini.

Ule waya sikuukata.
Nimeulegeza tu.
Mtu akiigonga meza kwa nguvu,
utagusa.